Kutunga tarbia ya njia na uhuru bila kutaja uhuru

Hatua ya 1: chagua njia yenye jina. "Barabara ndefu" haimfikishi msomaji popote. Tuchukue Usagara, ukitoka Mwanza mjini kupitia Buhongwa, pale lami inapogawanyika: ukinyoosha ni Misungwi na Shinyanga, ukikata kulia ni Kigongo na Busisi.

Hatua ya 2: tafuta kilichokuwa kinazuia. Hapa ndipo mashairi mengi ya njia yanapofia: upepo, mbawa, anga, na hakuna aliyefungwa. Kigongo kulikuwa na foleni ya kivuko cha kwenda Busisi, ng'ambo ya maji. Magari yalingoja zamu hadi daraja la kilomita kama 3 lilipofunguliwa mwaka 2025. Kwa mtunzi, foleni ile inazidi machweo kumi ya ziwa.

Hatua ya 3: pima. Ubeti wa tarbia ni mishororo 4, kila mmoja tuupe mizani (silabi) 16: ukwapi, yaani kipande cha kwanza, 8; utao, kipande cha pili, 8. "Barabara" linakula nusu ya ukwapi, "njia" na "lami" mizani 2 tu kila moja. Hesabu kwa sauti huku ukigonga meza, maana jicho hudanganywa na herufi m: Mkuyuni ni 4 (M-ku-yu-ni), Mwanza ni 2 (Mwa-nza).

Hatua ya 4: funga vina. Usagara limeshakupa -ra ya kati; ya mwisho tuweke -ta.

Nimefika Usagara, njia panda yaniita,
Miguuni nina ndara, vumbi limezipakata,
Zamani ilinikera, foleni niliyokuta,
Leo singoji ishara, Busisi nitaipita.

Mshororo wa tatu ndio unaobeba mzigo. Ufute, na wa nne unabaki tangazo la usafiri. Ndara zenye vumbi nazo zina kazi: huyu hana gari, kwa hiyo uhuru wake si wa injini.

Hatua ya 5: kagua. Ukifupisha "niliyokuta" kuwa "nilokuta", utao unabaki na 7. Inkisari, yaani kufupisha neno hivyo, ni ya kupunguza mizani iliyozidi. Wengi huitia ili shairi lisikike la kizamani, kisha wanashangaa mapigo yamekwama. Vina vya -ra ni rahisi mno, na hapo ndipo "hasara" na "duara" hujipenyeza bila kualikwa. Neno lililoingia kwa ajili ya kina tu, litoe, hata kama ubeti mzima utaanza upya.

Ukiendelea na ubeti wa pili, mshororo wa nne unarudi vilevile kama kibwagizo. Badilisha kizuizi: badala ya foleni, weka deni, au mzazi aliyekataa.