Namna ya Kuchagua Kifaa cha Kusomea Vitabu Usiku

Anayetaka kununua kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki aghalabu huanza kwa kuuliza ukubwa wa hifadhi, jambo ambalo kwa kweli halistahili kumnyima usingizi, kwani GB 16 hubeba maelfu ya vitabu vya maandishi matupu. Yanayostahili kupimwa ni mawili: mwanga wake gizani, na njia ambayo vitabu vitapitia hadi kuingia ndani yake.

Kioo cha vifaa hivi, kiitwacho cha wino wa kielektroniki, chenyewe hakiwaki. Chembe nyeusi na nyeupe zilizomo ndani yake husogezwa na umeme, kisha hubaki zilipo mpaka ukurasa ufunuliwe, na ndiyo maana chaji hudumu kwa wiki kadhaa. Ili kisomeke gizani, huwekewa taa ndogo ukingoni, ambazo humwaga mwanga juu ya ukurasa badala ya kuuelekeza machoni kama simu ifanyavyo. Taa hizo zilianza kuenea mwaka 2012, katika matoleo kama Kindle Paperwhite ya kampuni ya Amazon na Glo ya kampuni ya Kobo. Ukiuziwa kifaa cha kabla ya hapo, jiandae kuingia na tochi ndani ya chandarua.

Kuwa na taa pekee hakutoshi. Tafuta kifaa ambacho mwanga wake hubadilishwa kutoka mweupe hadi wa rangi ya kaharabu, kwa kuwa mwanga wenye bluu nyingi huchelewesha usingizi. Paperwhite ya 2021 na Kobo Clara za 2024 zina uwezo huo. Kindle ya kawaida ya 2022 ina herufi kali zilezile za nukta 300 kwa inchi, lakini rangi ya mwanga wake haibadiliki.

Mchana, dukani, kila kioo hupendeza. Kwa hiyo jifunike kanga au koti pamoja na kifaa, shusha mwanga hadi kiwango cha mwisho, kisha utazame ukingo zilipo taa: ukiona vivuli vilivyopangana kama meno ya kitana, vitakukera kila usiku. Muuzaji akicheka, acha acheke.

Kuhusu vitabu, Kobo husoma faili za EPUB, yaani za vitabu ambavyo maandishi yake hujipanga kulingana na kioo, moja kwa moja ukizihamisha kwa waya kutoka kwenye kompyuta. Kindle nayo, tangu 2022, hupokea EPUB unazozituma kwa barua pepe au kupitia tovuti ya Amazon, ambayo huzibadilisha yenyewe. Hata hivyo, tarehe 26 Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua kwenye kompyuta vitabu ulivyovinunua kwake ili uvihamishe kwa waya, hivyo mwenye kutaka kutunza nakala zake mwenyewe afikirie hilo kabla ya kutoa pesa.

Msomaji wa Kiswahili ana tatizo jingine, nalo ni faili za PDF, ambazo kurasa zake hazijipangi upya kulingana na kioo. Vitabu vyetu vingi vya zamani hupatikana kama kurasa zilizopigwa picha, na ukurasa wa A4 una upana wa sentimita 21, ilhali kioo cha inchi 6, kikipimwa kutoka pembe hadi pembe, kina upana wa takriban sentimita 9. Herufi ya ukubwa wa 12 hushuka hadi kama 5, na hapo hata mwanga mzuri haukusaidii kitu. Kabla ya kununua, fungua kwenye kompyuta vitabu vitatu au vinne unavyotamani kuvisoma na ujaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Likikubali kuchaguliwa, programu ya bure ya Calibre inaweza kuigeuza faili kuwa EPUB, ingawa mistari itavunjikavunjika hapa na pale. Likikataa, hiyo ni picha, na kama vitabu vyako vingi viko hivyo, kioo cha inchi 10 kitakufaa zaidi japo bei yake ni kubwa.

Ukinunua kilichokwisha kutumika, mwombe muuzaji aondoe akaunti yake mbele yako, kisha usajili yako papo hapo kwa intaneti ya simu yako. Kifaa kilichoripotiwa kuibwa huweza kukataa kusajiliwa, nawe hutalijua hilo kwa kufunua kurasa tu. Jitumie kitabu kimoja, subiri kifunguke, ndipo ulipe.