IELTS: anza na mdomo
Unayejiandaa na IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, hapa Mbeya, acha kwanza kukariri misamiati. Kwenye sehemu ya pili ya kuzungumza unapewa kadi ya mada, dakika 1 ya kujipanga, kisha unaongea peke yako dakika 1 hadi 2. Hapo ndipo wengi maneno huwakauka. Kila jioni chagua kitu unachokijua: soko la Mwanjelwa, baridi ya Juni, shamba la viazi mviringo la bibi. Jirekodi kwa simu, ujisikilize (aibu ipo, vumilia). Kwenye kusikiliza, sauti huchezwa mara moja tu, kwa hiyo ukifanya mazoezi usirudishe nyuma. Kuandika, swali la pili lina uzito mara mbili ya la kwanza. Lipe dakika 40 kati ya 60.