Kabla Hujafunga Kifaa cha Mtumba Kwenye Darubini Yako

Lenzi iliyosuguliwa vizuri miaka arobaini iliyopita bado inakusanya mwanga kama zamani. Kinachochoka ni vile vinavyoizunguka: grisi, gundi, nyaya na meno ya skrubu. Ndiyo maana napenda sana kuona vifaa vya namna hii vikirudishwa kazini kupiga picha za nyota, mradi vikaguliwe kwanza.

Anza na tochi. Imulike lenzi kwa upande, kwenye chumba chenye giza. Vumbi kidogo na mikwaruzo michache isikutishe, kwenye picha haitaonekana. Cha kutafuta ni kuvu, inayotambaa kama nyuzi nyembamba zenye matawi. Kuvu changa hufutika. Iliyokaa muda mrefu huwa imeshakula tabaka la juu la kioo, na alama yake haitoki. Ukiona rangi za upinde wa mvua zikianzia ukingoni mwa lenzi mbili zilizogandishwa pamoja, gundi imeanza kuachia. Hiyo mwachie fundi wa lenzi.

Kabla ya kufuta, puliza vumbi kwa pampu ya mpira, la sivyo utalisugulia kwenye kioo. Alkoholi ya isopropili idondoshee kwenye karatasi ya lenzi, si kwenye kioo chenyewe, maana ikichuruzika ukingoni itaingia ndani. Asetoni huyeyusha plastiki na rangi, iweke mbali. Na kama ni lazima uzitoe lenzi kwenye kikombe chake, yaani fremu inayozishika, chora kwanza mstari wa penseli kwenye kingo zake zote, ili zirudi kwa mpangilio na mkao uleule.

Sasa vipimo, na hapa ndipo wengi hukwama. Mirija ya kawaida ya kufungia lenzi ya kutazamia ina kipenyo cha milimita 31.75 au 50.8, darubini ndogo za zamani zilitumia 24.5. Skrubu za kamera zina mtego wake: adapta ya T, pete ya kuunganisha kamera na darubini, ina kipenyo cha milimita 42 na hatua ya 0.75 kati ya jino na jino, ilhali lenzi nyingi za kamera za zamani zina 42 hiyohiyo lakini hatua ni milimita 1. Ukizikutanisha zinashika mzunguko mmoja hivi, kisha zinakaza. Ukihisi hivyo, acha kuzungusha. Ukilazimisha unaharibu meno ya pande zote mbili.

Lenzi nyingi za kunyoosha uga wa picha, yaani za kufanya nyota za pembeni ziwe kali kama za katikati, zinataka milimita 55 kutoka begani mwake (ukingo wa nyuma ambapo adapta hukaa) hadi kwenye sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga. Kamera ya Canon ya mlango wa EF (aina ya sehemu ya kufungia lenzi) ina 44 ndani yake, hivyo adapta inaongeza 11. Kamera ya anga, iliyotengenezwa kwa ajili ya darubini, ambayo sensa yake iko ndani milimita 17.5 inahitaji pete za kujazia 37.5. Kichujio cha kioo nacho husogeza fokasi nyuma kwa takriban theluthi ya unene wake: chenye milimita 3 kinakudai 1 zaidi. Pima kwa kalipa, kipimio chenye taya mbili, usikadirie kwa macho, kwa sababu kosa dogo huonekana kwenye nyota za pembeni, zinarefuka badala ya kubaki duara.

Darubini ndogo ya kutafutia yenye kioo cha milimita 50 hugeuka vizuri kuwa ya kuongozea, yaani ya kuifuata nyota moja kwa kamera ya pili ili darubini kubwa isipotee shabaha wakati wa kupiga picha. Toa lenzi ya kutazamia, weka adapta ya 31.75, kisha hakikisha kamera inafikia fokasi. Ishike kwa pete ngumu. Ikilegea kidogo tu, kamera ya kuongozea itaona nyota imetulia huku picha yako ikiburuzika.

Vya umeme, fungua sehemu ya betri. Unga mweupe au wa kijani umetokana na betri iliyovuja. Wa betri za alkali husafishwa kwa siki kidogo, kisha alkoholi. Pima kwa multimita, kipima umeme, kama pini ya katikati ya plagi ni chanya au hasi kabla ya kuunganisha volti 12.

Kuna kimoja tu ambacho hakistahili kuokolewa: kichujio kidogo cha jua cha kufunga kwenye lenzi ya kutazamia. Kinakaa pale joto linapokusanyika na kinaweza kupasuka ghafla jicho likiwa hapo. Kivunje, usimpe mtu. Kichujio cha jua hufungwa mbele ya darubini, na hata hicho kiangalie kwanza dhidi ya taa kali. Ukiona tundu lolote, usikitumie.