Ukiwa Japani, lanchi kula kwenye vimigahawa vya familia
Jamani mkifika Japani msiishie kwenye migahawa mikubwa ya stesheni, ingieni vile vidogo vya familia, baba yuko jikoni mama anahudumia, viti kama nane hivi. Angalia mlangoni, kile kitambaa kinachoning'inia kinaitwa noren, kikiwa nje ujue wamefungua, kikishaingizwa ndani ndo basi tena. Mchana ndo bei inakuwa nafuu, we agiza tu seti ya siku, wanaiita higawari, unaletewa trei moja ina wali, supu ya miso (ile rojo ya soya iliyochachushwa), achari kidogo na samaki wa kuchoma au nyama, na ile supu unainua bakuli unakunywa hivohivo kwa mdomo, hamna shida kabisa, vile vipande vyeupe laini vya soya vilivyomo, tofu, unavidaka na vijiti. Ila vijiti usivichomeke wima kwenye wali, hiyo ni ya msibani. Wahi kabla ya saa sita maana wengi saa nane wanafunga mpaka jioni, na beba keshi, vingine havipokei kadi. Bakshishi usiache, wanaweza kukufuata nje wakurudishie. Ukitoka waambie "gochisosama deshita", yaani asante kwa chakula, yule mama atafurahi kweli.