Neno "bill" la Kiingereza na Kichina chake

Usimwandikie muuzaji wa Guangzhou "bill" tupu ukategemea programu ya kutafsiri. Mara nyingi itatoa 账单 (zhàngdān), yaani karatasi ya deni: bili ya umeme, maji au hoteli. Kama ulitaka risiti rasmi ya kodi, omba 发票 (fāpiào). Kama ni hati ya shehena, ile mawakala wa forodha huiita BL, ni 提单 (tídān). Bila hiyo kwa kawaida mzigo hautoki bandarini, kwa hiyo hapa usibahatishe. Andika kwa Kiingereza "bill of lading", maneno yote matatu, na 提单 pembeni.

Herufi 单 (dān) ni karatasi yenye orodha, na 提 ni kuchukua au kuinua: karatasi ya kuchukulia mzigo.

Mgahawani sema 买单 (mǎidān) au 结账 (jiézhàng). Ukimwomba mhudumu 账单 ataelewa, ila utasikika kama barua ya benki.

Kwa Wamarekani "bill" ni noti pia: 钞票 (chāopiào). Muingereza husema "note". Muswada wa bunge ni 法案 (fǎ'àn), na mdomo wa bata ni 嘴 (zuǐ) tu.

Kuhesabu: Kichina huweka neno la kuhesabia kati ya namba na kitu, kwa hiyo bili moja ni 一张账单 (yì zhāng zhàngdān), na neno hilo ni 张 (zhāng). Angalia toni: zhāng ya kuhesabia ni ya juu, imenyooka, zhàng ya deni inashuka kwa kishindo. Muswada hauhesabiwi kwa 张, tumia 项 (xiàng).