SOMO: Wageni wa kubadilishana, matangazo ya kulipia, na swali la pesa inatoka wapi

Nianze na aibu yangu. Mwaka 2014 nilikuwa na tovuti ya mapishi iliyopata wageni kama thelathini kwa siku, nusu yao mimi mwenyewe na wadogo zangu. Mtu akanionyesha programu za kubadilishana wageni. Kwa wiki mbili nikakesha nikitazama kurasa za watu, bando likayeyuka, na kaunta yangu ikafika wageni 3,000. Hakuna hata mmoja aliyeacha maoni. Kisha programu ya matangazo niliyokuwa nimejiunga nayo ikafunga akaunti yangu ikiwa na dola 61 ndani, na sikuwa na la kujitetea. Masharti yalikataza waziwazi. Niliyapita tu kama tunavyoyapita wengi: bofya "Nakubali", songa mbele.

Kwa hiyo mkiona nasisitiza jambo hapa chini, mjue limeshanitoa jasho.

HATUA YA 1: Jua unachopata

Utaratibu wenyewe ni nitazame nikutazame. Unajiandikisha, unaweka kiungo cha ukurasa wako, halafu unafungua kurasa za wenzako moja baada ya nyingine. Kila ukurasa una saa inayorudi nyuma, sekunde 10, 15 au 20. Ikifika sifuri unabofya picha fulani kuthibitisha kwamba wewe ni mtu, unapata pointi. Pointi hizo ndizo zinazofanya mtu mwingine aletewe ukurasa wako. Baadhi ya programu hukupa mgeni mmoja kwa kila ukurasa uliotazama. Nyingine hukupa nusu, na nusu inayobaki wenyewe huwauzia wasiotaka kukesha.

Piga hesabu kabla hujashangilia. Kwa sekunde 20 na uwiano wa mmoja kwa mmoja, wageni 100 wanakula sekunde 2,000, yaani dakika 33 na ushee, bila muda wa kurasa kufunguka. Tuseme kila ukurasa unakula MB 2: hizo ni MB 200 za bando kwa wageni mia.

Na mgeni mwenyewe ni nani? Ni mtu kama wewe, jicho liko kwenye saa. Hakuja kununua asali yako, amekuja kutafuta wageni wake. Ni gulio ambalo kila aliyefika kabeba tenga lake la nyanya. Lakini hata kwenye gulio hilo yupo mmoja anayerudi nyumbani na pesa: muuza matenga. Ukiwa na kitu ambacho watangazaji wenzako wanakihitaji, kama huduma ya kuchora mabango, kuandika maneno ya tangazo au kutengeneza kurasa, unaweza kupata mteja pale. Ukiuza vitenge, saluni au kuku wa kienyeji, ruka moja kwa moja hadi Hatua ya 5.

HATUA YA 2: Usipeleke duka zima, peleka kibao

Ukurasa unaoingiza kwenye mzunguko uwe mwepesi na wa peke yake: sentensi moja kubwa, picha moja, kitufe kimoja. Una sekunde kumi na kitu tu, na tatu za kwanza zinaishia kwenye kufunguka. Usijaribu kuuza papo hapo. Omba barua pepe au namba ya WhatsApp, ukitoa kitu kidogo cha bure, halafu mazungumzo yafanyike baadaye kwa utulivu. Kwa kuwa kurasa huonyeshwa ndani ya fremu ya programu, hakikisha wako haujilazimishi kutoka nje ya fremu. Ukurasa ukitoka unamharibia mwenzako pointi zake, na wenye programu wanaufuta.

Na hili naliandika kwa herufi kubwa: UKURASA WENYE MATANGAZO YA ADSENSE USIINGIE HUMO. AdSense ni mpango wa Google unaomlipa mwenye tovuti kwa kuonyesha matangazo ya watu. Masharti ya Google yanakataza kuleta watu kwa programu za kubadilishana au za kulipwa ili kubofya. Mtangazaji aliyelipia anataka macho ya mtu mwenye nia, wewe unampelekea macho yanayosubiri saa. Kwa lugha yao hiyo ni trafiki batili, na adhabu yake huanzia kukatwa pesa hadi kufungiwa kabisa.

HATUA YA 3: Weka alama kwenye kila kiungo

Ukitangaza sehemu tatu kwa kiungo kilekile, hutajua mteja katokea wapi. Mwisho wa kiungo ongeza alama, mfano ?utm_source=kubadilishana1, na Google Analytics, huduma ya Google ya kuhesabu wageni wa tovuti, itakuonyesha kila kundi peke yake. Ukishaweka alama, usiangalie idadi ya wageni. Angalia wangapi walifanya ulichoomba. Mimi hutoa nafasi ya wageni 500. Wakipita wote bila mtu kuacha namba yake, nabadilisha kibao mara moja. Wakipita wengine 500 hivyohivyo, naachana na programu hiyo bila kinyongo.

Barua pepe ya kujiandikishia iwe ya pembeni, maana itajaa takataka, na nenosiri lisifanane na la benki wala la simu yako. Zile programu zinazokuambia upakue kitu kwenye kompyuta ili kijitazamie kurasa chenyewe usiku kucha, mimi siziweki. Hujui ni kurasa gani zinafunguliwa kwa jina la intaneti yako, na upande wa pili hakuna binadamu anayetazama ya kwako.

HATUA YA 4: Wakikuahidi kukulipa, uliza pesa ni ya nani

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo watu wetu wanapoumizwa.

Tangazo halali lina mnyororo mfupi: mwenye bidhaa analipa, anayeonyesha tangazo anapata sehemu yake. Ukikuta programu ambayo wewe unayetazama ndiye unayeweka pesa kwanza, mnyororo umegeuzwa kichwa chini miguu juu.

Marekani wamelipitia jambo hili kwa awamu. Mwaka 2006 serikali iliifunga 12DailyPro. Mwanachama alinunua uniti kwa dola 6, akatazama kurasa 12 kila siku, na akaahidiwa asilimia 12 kwa siku kwa siku 12. Zidisha: asilimia 144. Hakuna duka duniani linalolipa hivyo ili kurasa zake zitazamwe na watu wasionunua. Mwaka 2008 ikaja zamu ya AdSurfDaily ya Florida, na mwenyewe, Andy Bowdoin, akahukumiwa kifungo mwaka 2012.

Ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi. Traffic Monsoon ya Charles Scoville, huko Utah, iliuza kifurushi kwa dola 50. Ndani yake kulikuwa na wageni 1,000 wa tovuti yako na mibofyo 20 ya bango, pamoja na mgawo wa mapato hadi ufikishe dola 55, mradi kila siku ubofye matangazo 50. Inaonekana kama huduma ya matangazo kabisa, eti? Lakini SEC, tume ya Marekani inayosimamia masoko ya dhamana, ilipokwenda mahakamani Julai 2016, ilieleza kwamba karibu mapato yote yalitokana na kuuza vifurushi vyenyewe. Vifurushi kumi vinaingiza dola 500 na vinadai 550. Hizo 50 za juu lazima zitoke kwa mnunuzi wa kumi na moja. Kesi ilitaja dola milioni 207 na watu zaidi ya 162,000, na tisa katika kila kumi waliishi nje ya Marekani.

Waliokuwapo Tanzania mwaka 2009 wanaikumbuka DECI, kupanda mbegu na kuvuna. Mle hakukuwa na tovuti wala mabango ya kubofya, lakini upatu ni upatu: wa mwanzo hulipwa kwa pesa za wanaokuja nyuma yao.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata buku, jaribu kujibu: nani yuko nje ya wanachama, anayelipia bidhaa au huduma hii kwa sababu anaihitaji? Ukikosa jibu, funga ukurasa.

HATUA YA 5: Tangazo la kulipia, kwa pesa ndogo na macho wazi

Kwa biashara ya mtaani, shilingi elfu tano kwa siku kwenye tangazo la mtandao wa kijamii, ikielekezwa vizuri, inashinda wageni elfu wa kubadilishana. Chagua eneo dogo linalokuzunguka, si "Tanzania nzima". Chagua lengo la kupata ujumbe au simu, si kupendwa kwa picha. Weka ukomo wa matumizi na tarehe ya mwisho kabla ya kubofya chapisha.

Kisha hesabu kama muuza duka. Tuseme umetumia 5,000 kwa siku 6, jumla 30,000. Watu 40 wamekuandikia, sita wamenunua. Kila mnunuzi amekugharimu 5,000. Kama faida yako kwa kila mmoja ni 8,000, endelea. Kama ni 4,000, ulikuwa unawalipa watu wakuchukulie bidhaa.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi Simu, Kigoma: Mwalimu, nina AdSense tayari na wageni ni wachache sana. Nikitumia kubadilishana kidogo tu, wageni hamsini kwa siku, watagundua?

Jibu: Ndugu yangu, watagundua. Wageni hamsini wanaokaa sekunde 20 kila mmoja, wametoka ukurasa mmoja, na hakuna anayesogea chini: hiyo haihitaji mpelelezi. Kama umeshaanza, kitoe kiungo leo. Na mwambie mdogo wako aache kubofya matangazo yako "kukusaidia".

Mama Vitenge, Mwanza: Nililipia tangazo la 20,000, nikapata likes 300 na komenti za mioyo. Hakuna aliyenunua. Nimetapeliwa?

Jibu: Hapana dada, umepewa ulichoomba. Mfumo ulitafuta watu wanaopenda kupenda, nao wapo tele. Safari ijayo chagua lengo la ujumbe, andika bei kwenye tangazo lenyewe, na useme unatuma hadi wapi. Watakaokuandikia watapungua, lakini watakuwa wanajua bei. Halafu uwajibu upesi. Anayeuliza saa mbili usiku, kesho asubuhi ameshanunua kwa mwingine.

Kijana wa Eldoret: Mkuu, hiyo hatua ya nne umetia chumvi. Mimi niko kwenye programu ya kutazama matangazo, nimeweka shilingi 5,000 na nimetoa mara mbili. Pesa zimeingia M-Pesa kabisa.

Jibu: Naamini zimeingia. Kwenye Traffic Monsoon pia wapo waliolipwa, na hao ndio walioleta wengine. Kulipwa mara mbili kunathibitisha kwamba leo bado wanaingia watu wapya. Nikushauri kama kaka: toa kiasi ulichoweka, chote. Ukiambiwa lipia kwanza "ada ya kutolea" au upande ngazi, utakuwa umepata jibu bora kuliko langu. Na usimwalike mama yako.

Asiye na kadi, Tanga: Natangazaje wakati sina kadi ya benki?

Jibu: Mitandao ya simu hutoa kadi za mtandaoni zinazounganishwa na akaunti ya pesa ya simu, Kenya, kwa mfano, ipo M-Pesa GlobalPay. Weka humo kiasi cha tangazo hilo tu. Ukisahau kuzima tangazo, kadi tupu itakuokoa.

Mpishi Mwenzako: Nimeona mtu anauza wageni 10,000 kwa dola 5. Vipi?

Jibu: Roboti.

Mwalimu wa Songea: AdSense inaniandikia dola 12 lakini haiendelei. Wanasema nisubiri barua. Barua gani zama hizi?

Jibu: Shikamoo mwalimu. Mapato yakifika dola 10 wanatuma namba ya siri kwa posta, kuhakiki anwani. Usipoiingiza ndani ya miezi minne matangazo yanasimama. Kama huna sanduku lako, omba S.L.P. ya shule na umjulishe anayechukua barua, maana bahasha yenyewe ni ndogo na hudhaniwa ni karatasi ya matangazo. Isipofika ndani ya wiki kama nne, omba nyingine kwenye akaunti. Malipo yenyewe hutoka ukifika dola 100. Malipo yangu ya kwanza nilikuja kuyapata kwenye akaunti mpya, ya tovuti nyingine, na bahasha ilikuwa imekaa wiki tatu juu ya friji ya jirani.