Kabla ya Kuwekewa Ruba Hospitalini: Mambo ya Kuzingatia

Ukiambiwa kwamba kidole cha mgonjwa wako kilichoungwa usiku wa jana sasa kitawekewa ruba, huna sababu ya kushtuka wala kuanza kutafuta daktari mwingine. Hospitali nyingi kubwa za upasuaji wa kuunga viungo huko Marekani, Uingereza, Ujerumani na Ufaransa huwatumia hadi leo. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiruhusu kampuni ya Kifaransa ya Ricarimpex kuwauza ruba kama kifaa cha tiba; Wajerumani wao wanawahesabu kuwa dawa. Vyovyote atakavyoandikwa, ruba kazi yake anaijua. Kinachoharibika mara nyingi ni maandalizi ya wanadamu waliomzunguka, na hayo ndiyo ya kuweka sawa kabla chupa haijafunguliwa.

Kwanza uelewe anaitwa kufanya nini, kwa maana kazi yenyewe ni finyu. Daktari anapounga kidole, sikio, au kipande cha ngozi na nyama kilichohamishwa toka sehemu moja ya mwili kwenda nyingine, hushona ateri inayoleta damu na vena zinazoirudisha. Vena ni nyembamba na laini, hubonyea na kuziba upesi, na katika ncha ya kidole wakati mwingine haipatikani hata moja ya kushona. Hapo kiungo kinakuwa kama bafu ambalo bomba liko wazi huku mtaro umeziba: damu inaingia, haitoki, kiungo kinavimba, kinageuka rangi, na kisipotolewa damu ndani ya saa chache kinaoza. Ruba hunyonya kati ya mililita 5 na 15 kwa mlo mmoja, lakini faida yake kubwa inakuja akishabanduka. Mate yake yana hirudini, kemikali inayozuia damu kuganda, na kidonda alichokiacha kitaendelea kuchuruzika kwa saa nyingi, pengine siku nzima. Huo mchuruziko ndio unaokipumzisha kiungo hadi mwili uoteshe vishipa vipya vya kurudisha damu, kazi inayochukua takriban siku 3 hadi 7. Ruba haungi kitu. Ananunua muda.

Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari kabla ya mengine yote ni hili: tatizo ni vena au ateri? Kama ateri ndiyo iliyoziba, ruba hafai, na mara nyingi hata kung'ata atakataa kwa sababu hapati damu. Cha pili: je, mgonjwa hawezi kurudishwa chumba cha upasuaji vena ikashonwa upya? Ikiwezekana, hilo hutangulia. Ruba si njia ya kukwepa upasuaji wa marudio, ingawa usiku wa manane, timu ikiwa imechoka, kishawishi hicho kipo.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya hulipita haraka. Dalili ya vena kuziba wanaieleza kwa rangi: ngozi inakuwa ya buluu, kisha zambarau. Kwenye ngozi nyeusi rangi hiyo huchelewa kuonekana, na ikionekana huenda saa za thamani zimeshapita. Muombe muuguzi aangalie chini ya ukucha na upande wa kiganja, apime na uvimbe na joto. Akibonyeza, damu hurudi haraka mno, chini ya sekunde 2, kwa sababu imejaa na haina pa kwenda; ateri ikiwa ndiyo mbovu, hurudi polepole au isirudi, na kiungo huwa baridi. Kuna kipimo kingine kisichodanganywa na rangi ya ngozi: kuchoma kwa ncha ya sindano. Damu nzito iliyokolea weusi ikitoka upesi, ni vena. Isipotoka kitu, ni ateri.

Damu ndiyo ninayotaka nikae nayo kidogo, kwa sababu ndugu wengi husikia "ruba mdogo tu" wakadhani ni suala la matone. Ruba mmoja ni mdogo kweli. Lakini huwekwa mwingine kila baada ya saa chache, usiku na mchana, kwa siku kadhaa, na vidonda vyote vinachuruzika kwa pamoja. Mwaka 2012 ulichapishwa uchambuzi wa kesi 277 za upasuaji zilizotumia ruba: viungo karibu 78 kati ya kila 100 viliokoka, na karibu nusu ya wagonjwa walilazimika kuongezewa damu. Hiyo 78 mimi naisoma kwa tahadhari, maana madaktari huandika zaidi habari za kesi zilizofaulu. Hiyo nusu ya kuongezewa damu naiamini. Hivyo kabla ya ruba wa kwanza kundi la damu liwe limepimwa, damu inayolingana iwe imetengwa, na wingi wa damu uwe unapimwa mara kadhaa kwa siku. Mahali ambapo benki ya damu hutegemea ndugu kuchangia, wachangiaji watafutwe mapema, si wakati mgonjwa ameanza kuhema na moyo kumwenda mbio. Mwenye imani isiyoruhusu kuongezewa damu, kama Mashahidi wa Yehova, aseme hapo hapo mwanzoni, kwani huenda tiba hii haimfai kabisa. Hali kadhalika mwenye hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda, na aliyeanza tayari na upungufu wa damu, uwe umetokana na selimundu, malaria au uzazi wa karibuni, lazima ajulikane.

Dawa zote anazotumia mgonjwa zitajwe bila kuficha, pamoja na zile za mitishamba na aspirini ya kila asubuhi ambayo wazee wetu hawaihesabu kuwa dawa. Inawezekana daktari mwenyewe amempa dawa ya kuzuia damu kuganda ili kulinda ateri. Basi madaktari na wauguzi wapatane ni nani anayepima athari ya dawa zote kwa jumla. Ataje pia kama aliwahi kuwekewa ruba zamani, kwa kuwa mzio huweza kujitokeza mara ya pili.

Halafu kuna bakteria anayeitwa Aeromonas. Anaishi tumboni mwa ruba, anamsaidia kusaga damu, na hawezi kuoshwa akatoka. Kwa ruba ni mwenzi mwema. Kwenye kiungo kilichoungwa ni balaa, maana akiingia kwenye nyama iliyokosa nguvu anaweza kuiozesha yote na kusambaa mwilini. Ripoti za maambukizi hutofautiana sana, toka asilimia 2 hadi 20 na zaidi. Ndiyo maana antibayotiki huanza kabla ya ruba wa kwanza kugusa ngozi na huendelea muda wote anapotumika. Amoksilini na jamaa zake hazifui dafu kwa bakteria huyu. Hutumika siprofloksasini, au septrini, au seftriaksoni. Mwenye mzio wa salfa aseme kabla septrini haijaandikwa. Tangu kuonekana bakteria wanaoishinda siprofloksasini, hospitali makini hupeleka maabara maji ya chombo cha ruba na kupima dawa ipi bado inawaua. Uliza kama wanafanya hivyo. Si utovu wa adabu. Na mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka, kwa VVU visivyodhibitiwa, kwa dawa za saratani au za figo iliyopandikizwa, apimwe upya kama faida inazidi hatari.

Ruba wenyewe wametoka wapi? Jibu linalokubalika ni moja: shambani, kwa mfugaji anayejulikana, kama Ricarimpex karibu na Bordeaux au Biopharm ya Hendy, Wales, aliyoianzisha mtaalamu wa wanyama Roy Sawyer. Huko hukaa miezi bila kulishwa, ili wasafike tumbo na wafike wodini na njaa. Sayansi yenyewe iliwahi kupitiwa na jambo hapa: miaka mingi waliuzwa kwa jina la Hirudo medicinalis, hadi mwaka 2007 vipimo vya vinasaba vilipoonyesha kwamba wengi ni jamaa yake, Hirudo verbana. Ruba wa kuokotwa mtoni au kwenye majaruba ya mpunga hafai kwa hili hata kidogo. Hujui ni wa aina gani wala alimnyonya nani kabla yako. Wodini watunzwe kwenye friji isiyogandisha, ndani ya maji yasiyo na klorini, kwa hiyo maji ya bomba moja kwa moja hapana. Mfuniko uwe na matundu na ukaze. Ruba ana nguvu za kuusukuma, na akitoroka huenda mbali kuliko unavyodhania.

Siku yenyewe, harufu ndiyo huharibu mambo. Ngozi iliyopakwa iodini, spiriti, sabuni ya manukato au mafuta ya kujipaka ruba haing'ati. Isafishwe kwa maji safi pekee, na mgonjwa asipakwe marashi asubuhi hiyo, hata kama wageni wanakuja kumwona. Muuguzi hukata shashi, akaacha tundu dogo katikati, akaifunika sehemu yote ili ruba asiwe na pa kwenda isipokuwa hapo. Wengine humtia ndani ya bomba la sindano lililotolewa kisukumio, wakamwelekeza kwa mdomo wake. Ncha nyembamba inayotafutatafuta ndiyo kichwa. Ile nene ni ya kujishikilia tu. Akisitasita, ngozi huchomwa kidogo kitoke kitone cha damu. Akishika, utaona shingo yake ikipwitapwita kwa mawimbi, na taratibu anafura. Dakika 30 hadi 60 baadaye anabanduka mwenyewe, akiacha alama ya miale mitatu iliyokatwa na taya zake tatu. Mgonjwa huwa hasikii kitu kikubwa, kwa sababu kiungo kilichoungwa mishipa yake ya fahamu bado imelala.

Asivutwe. Asimwagiwe chumvi wala asichomwe na moto wa kiberiti, kama tulivyofundishwa utotoni tukitoka mtoni. Ruba akiteswa hutapika alichomeza ndani ya kidonda, na wale bakteria hutoka nacho. Kama lazima aondolewe, muuguzi humgusa kichwani kwa pamba yenye spiriti. Akishamaliza hutiwa kwenye spiriti ya asilimia 70 akafa, kisha hutupwa na taka za hatari. Hatumiki mara mbili, hata kwa mgonjwa yule yule.

Kinachowatisha wauguzi wazoefu ni hesabu. Ruba walioingia chini ya bandeji na waliotoka lazima walingane, na iandikwe. Akiwekwa karibu na pua, sikio au mdomo, matundu hayo huzibwa kwa shashi kwanza. Mgonjwa asiachwe peke yake naye, na kama wewe ndiye unayekesha, usisinzie ukitegemea atabanduka na kukaa pale pale. Uliza mapema nani yuko zamu usiku na kama alishawahi kuifanya kazi hii. Sigara marufuku chumbani, na kwa mgonjwa hata kahawa na chai ya rangi huzuiwa mara nyingi, kwani vinabana mishipa. Chumba kiwe na joto.

Moyo nao huandaliwa. Kuna watu wazima wanaozimia kwa kumwona tu, na hao hujengewa pazia la shuka. Watoto mara nyingi ni wepesi zaidi. Mwaka 1985 huko Boston daktari Joseph Upton alimuunga sikio mvulana wa miaka 5 aliyeng'atwa na mbwa; vena zilipoziba aliagiza ruba kutoka Wales, na sikio likapona. Kesi hiyo ndiyo iliyowarudisha ruba midomoni mwa madaktari wa Marekani, ingawa madaktari Derganc na Zdravic wa Ljubljana, Slovenia ya leo, walikuwa wameshaandika habari zao tangu 1960. Mgonjwa Mwislamu anayesita anaweza kuambiwa kwamba tabibu Ibn Sina aliwaandika ruba karibu miaka 1000 iliyopita, kisha azungumze na sheikh wake kuhusu yaliyobaki. Ila asichanganye na hijama: kuumika ni kazi nyingine, na ujuzi wa vikombe hauhamii kwa ruba.

Kwa wanaowaza ruba wa goti linalouma, hali ni tofauti. Timu ya Essen, Ujerumani, ilichapisha mwaka 2003 utafiti wa wagonjwa 51 wa goti lililolika: waliowekewa ruba mara moja tu walipata nafuu zaidi ya maumivu kuliko waliopaka jeli ya diklofenaki, dawa ya maumivu. Lakini mtu hawezi kufichwa kwamba amewekewa ruba, na imani peke yake hupunguza maumivu. Wanaokwenda India wataikuta tiba hii pia katika hospitali za Ayurveda na Unani, tiba za jadi za huko. Maswali ni yale yale: ruba wa wapi, wanatumika mara ngapi, damu ikikataa kukoma mnafanya nini. Anayeahidi kuponya kisukari au saratani kwa ruba muage kwa heshima.

Ukirudi nyumbani, antibayotiki zimalizwe hata kama kidonda kimependeza. Maambukizi ya Aeromonas yanaweza kujitokeza baada ya siku chache, au hata wiki kadhaa. Homa, usaha, harufu, wekundu unaotambaa, au kiungo kuanza kuvimba tena: rudi siku hiyo hiyo, na kama hospitali ni nyingine, sentensi ya kwanza ya kumwambia daktari iwe kwamba mgonjwa aliwekewa ruba. Bila hiyo atamwandikia dawa za kidonda cha kawaida.